Bampa la Kitambaa

Mwezi uliopita Wekesa aliingia dukani kwangu Kitale akiwa amevaa koti la suti, akaketi kwenye kiti cha wateja kabla sijamkaribisha, akaniita Lukia. Hakuna mtu mwingine anayeniita hivyo. Wateja huniita Mama Hafsa, na wazee wa msikitini huniita binti Twalib ingawa Twalib alikuwa mjomba wangu. Watu wengi wa kwao Bungoma huchanganya l na r, na sikuwahi kuona ubaya katika hilo. Wakati fulani nilipenda kuitwa Lukia kuliko kuitwa Rukia. Siku hiyo nilipolisikia sindano yangu ilikwenda pasipo pake. Amenenepa, nywele zimemtoka, na ana karakana Bungoma ambayo ubao wake unasomeka kutoka ng'ambo ya barabara: bampa, skati na spoila za faiba. Nilimletea chai kwa sababu ndivyo nilivyolelewa. Aliinywa huku akinieleza kwamba chuo kimoja cha ufundi kinataka kumpa cheti cha heshima, yeye aliyeanzisha katika pande zetu hizi kazi ya kutengeneza bampa za magari kwa kitambaa, na kwamba wamemwomba aseme maneno machache kuhusu jinsi wazo lenyewe lilivyomjia. "Sasa hapo ndio nimekwama, Lukia," akasema. "Kufanya najua. Lakini ile siku ya kwanza, wewe ulikuwa unafikilia nini?"

Nilikuwa nashona mkono wa sofa. Nilimuuliza kama amewatajia jina langu. Akasema hayo ni mambo ya zamani, mambo ya ujana, na kwamba majina mengi yatawachanganya watu. Nikamwambia basi nitakuja mwenyewe siku hiyo, nisimame mbele yao niwaeleze nilichokuwa nafikiria. Akacheka, kisha akaona mimi sicheki, akamaliza chai, akashukuru, akaenda zake. Sikualikwa. Sherehe imeshapita, mteja mmoja alinionyesha picha kwenye simu yake, Wekesa amevalishwa joho, ameshika karatasi yenye muhuri. Sijui aliwaambia nini. Mimi nitaandika hapa nilichofikiria siku ile, na kilichotangulia, na kilichofuata, yote ya mwaka mmoja, 2005. Ya ukoo wangu, nilizaliwa wapi na nani, nitayaacha.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nikishona viti katika kibanda cha Mjomba Twalib nyuma ya msikiti: viti vya malori, sofa, magodoro ya watu waliohamia mjini. Njoroge alikuja kutafuta fundi wa viti. Alikuwa kijana wa Endebess, wa moja ya zile familia zilizotoka mkoa wa kati zikapata mashamba huku, na alikuwa ametoka Nairobi na gari lililopakiwa juu ya lori kama ng'ombe mgonjwa. Lilikuwa gari la michezo, la milango miwili, fupi kwenda juu, lenye taa zinazojificha ndani ya boneti na kuinuka ukiziwasha. Injini ilikuwa nzima. Pua yake haikuwapo. Ilikuwa imegonga kitu, na palipokuwa na bampa palikuwa na chuma kitupu na waya zinazoning'inia. Kila karakana aliyokwenda walimwambia aagize bampa ng'ambo. Yeye akaamua atalitengeneza mwenyewe, kwa mikono, liwe zuri kuliko lilivyotoka kiwandani, na alikuwa amesikia kuna siku ya magari Bungoma mwezi wa Septemba ambapo vijana wangeleta magari waliyoyapamba yaangaliwe. Alikuwa na ghala la mahindi la familia yao kule Kibomet, tupu mpaka mavuno ya Oktoba. Alikuwa na Wekesa wa kupiga rangi. Alihitaji mtu wa viti.

Mjomba alikubali niende kwa masharti: mlango wa ghala usifungwe, na adhana ya magharibi inikute nyumbani. Nalikumbuka ghala lile kuliko ninavyokumbuka vyumba nilivyolala. Kuta za mabati, sakafu ya saruji, harufu ya vumbi la mahindi na ya ile dawa ya kuua wadudu ambayo haikutoka hata tulipofagia mara tatu. Matundu ya misumari kwenye paa yalitoboa mwanga, na asubuhi vijua vidogo vilitembea juu ya boneti mpaka saa sita. Mchana tulikula tumekaa juu ya mbao za kupangia magunia, gari likiwa katikati yetu kama mgonjwa tunayemuuguza. Njoroge alileta githeri ya mahindi na maharagwe kwenye ndoo yenye kifuniko na maziwa kutoka kwao. Wekesa alichemsha chai nje ya mlango, akitia majani mengi mno. Mimi nilileta chapati zilizobaki asubuhi. Wekesa alitusimulia habari za Chwele, alikojifunza kupiga rangi pikapu za wauza ng'ombe, na wafanyabiashara waliotaka majina ya wake zao yaandikwe mlangoni, wengine wake wawili, kila mmoja mlango wake. Alikuwa anajua kusimulia. Sitaki kusema nilimpenda. Nitasema tu kwamba nilizijua siku ambazo hangekuja, na siku hizo chapati nilizipeleka chache.

Wekesa alichukua wiki tatu kujaribu kutengeneza pua kwa bati. Alilikata, akalikunja juu ya gogo, akaligonga kwa nyundo ya mti, akachomelea, akagonga tena. Kila jioni ilikuwa mbaya kuliko asubuhi. Njoroge alikuwa amechora kwenye karatasi anachotaka, pua iliyoinama yenye midomo miwili ya kuvutia hewa, na kilichokuwa sakafuni kilifanana na karai la kubebea kokoto. Siku moja walifokeana. Njoroge alisema tumebakisha miezi miwili na hatuna hata uso. Wekesa akasema bati halina masikio, haliwezi kusikia mchoro. Mimi nilikuwa pembeni navuta ngozi juu ya sponji ya kiti cha dereva, nikaingojea ikae, na nikawa naiangalia mikono yangu.

Hiki ndicho nilichofikiria, na Wekesa akitaka ataweza kukisoma hapa kama mtu mwingine yeyote. Mjomba Twalib alikuwa na kofia mbili za kushonwa kwa mkono, za kazi ya tundu nyingi, ambazo nilizifua mimi kila Alhamisi. Ukishaifua kofia ya namna ile inakuwa kitambaa tu, imelegea, haina umbo. Unaitia ndani ya wanga uliochemshwa, unaivuta juu ya sufuria ndogo iliyoinamishwa, unailainisha kwa viganja mpaka mkunjo wa mwisho uishe, unaiweka juani. Ikikauka unaitoa imesimama, na ukiigonga kwa ukucha inalia. Nilifikiri: umbo halitoki kwenye kitambaa. Linatoka kwenye kilichoko chini yake na kwenye kinachokigandisha. Njoroge alikuwa na mkebe wa resini aliotoka nao Nakuru wa kuzibia nyufa, ile gundi nzito kama asali ambayo ukiitia matone ya dawa yake hugeuka ngumu kama mfupa. Kwa hiyo nikawaambia, tufanye kiunzi cha waya na mbao nyembamba chenye mistari ya huo mchoro, mimi nitavuta juu yake kitambaa kinachovutika, tukinyweshe resini, kikikauka ndiyo pua. Ndani tutatia faiba, zile nyuzi za kioo, kuipa nguvu.

Walicheka. Wekesa alisema ati sasa gari litavaa soksi. Njoroge aliuliza itakuwaje mvua ikinyesha. Nilikwenda sokoni nikanunua jezi nzito za mtumba, zile zenye manyoya ndani, nikazifumua, nikaunganisha vipande kwa mshono bapa usioacha tuta. Kesho yake nilisokota waya mwenyewe, nikaupigilia kwenye mbao, nikavuta kitambaa kutoka katikati kwenda pembeni kama unavyovuta ngozi ya kiti. Huwezi kuanza pembeni. Ukianza pembeni kinakukunjia kwenye kona. Tulikipaka resini kwa brashi mpaka kikawa cheusi na kizito, harufu yake ikatutoa nje sote watatu macho yakilia. Asubuhi iliyofuata Njoroge alikwenda akaipiga ngumi. Ilitoa mlio wa mlango. Akaipiga tena, akaniangalia, akapiga magoti akaishika pua ile kwa mikono miwili kama mtu anayeshika uso wa mtoto. Wekesa alisimama nyuma yake, hakusema neno, na mimi niliuchukua ukimya wake kuwa ni sifa.

Julai na Agosti tulifanya kazi chini ya mvua. Ilianza saa nane kila siku bila kukosa, ikipiga mabati hata tukawa tunaongea kwa ishara. Nilitengeneza pua, kisha skati za pembeni, zile za chini ya milango, kisha spoila, lile bawa la nyuma, zote kwa njia ileile, na kila moja niliitia filla ya kuziba mabonde, nikaipiga msasa mkavu, nikaipiga msasa wa maji, nikafumba macho nikaipapasa, kwa sababu kosa ambalo jicho linalisamehe kiganja hakilisamehe. Ncha za vidole vyangu zilichubuka mpaka nikawa siwezi kukamua ndimu juu ya wali. Mjomba aliziona, akaniuliza kama hivyo ndivyo viti vinavyoshonwa siku hizi. Rangi ilikuwa ya Wekesa, na nitampa haki yake: alikuwa fundi wa rangi. Alipiga bluu iliyoiva kama wino, mipako minane, bila tone hata moja kuchuruzika, akingojea asubuhi zisizo na unyevu ndipo aanze. Viti vilikuwa vyangu, ngozi nyeusi, mshono wa nyuzi mbili za rangi ya machungwa. Mwisho wa Agosti gari lilikuwa limetulia katika ghala lile la mahindi, liko chini, linang'aa, na taa zake zilipoinuka Njoroge aliondoka akaenda kusimama nje kidogo, nadhani alikuwa analia.

Siku moja ya wiki ile ya mwisho nilitoka kwenda kunawa kwenye bomba nyuma ya ghala. Mvua ilikuwa bado haijaanza. Ukuta wa bati hauzuii sauti, na nilimsikia Njoroge akisema, kwa sauti ya kawaida kabisa ya mtu anayepanga safari, kwamba kule Bungoma watu wakiuliza nani alitengeneza bodi, wasiseme ni msichana. "Watacheka gari," akasema. "Watasema ni kazi ya cherehani." Nilingoja. Nilijua Wekesa atacheka, au atamwambia aache upuzi. Nilisikia kijiko kikizunguka ndani ya kikombe. Kisha akasema, "Sawa bana. Si mimi niko? Tutasema ni mimi."

Nilisimama pale maji yakinipita mikononi. Nilikuwa na nafasi ya kuingia na kuwauliza. Nilikuwa na nafasi ya kurudi nyumbani nikawaachia gari lisilo na viti vya nyuma, maana vilikuwa bado kushonwa. Nilifunga bomba, nikaingia, nikaendelea kushona viti vya nyuma, na Wekesa akanimiminia chai. Nimeiuliza nafsi yangu mara nyingi kwa nini, na jibu ninalopata linaniudhi kila mara: nilidhani ikifika siku yenyewe, mimi nikiwa nimesimama palepale, hataweza. Nilidhani mdomo wake utakataa.

Tulikwenda Bungoma kupitia Chwele, mimi nimejikunja kiti cha nyuma kilichotengenezwa kwa ajili ya mizigo. Ilikuwa siku ya soko, na watu waliacha kamba za ng'ombe wao kututazama tukipita. Njoroge alipunguza mwendo makusudi. Uwanja wenyewe ulikuwa pembeni ya mji, vumbi na muziki, magari kama ishirini, mengi yakiwa ya kawaida yaliyobandikwa stika na kutiwa tinti nyeusi. Letu lilipoingia watu walitembea nalo. Walilizunguka wakaishangaa pua. Hawakujua imetoka wapi, haikufanana na ya gari lolote walilowahi kuona, na bado ilionekana kama gari lilizaliwa nayo. Nilisimama karibu na mlango nikiwa na mkoba wangu mkubwa wa kazi, nimevaa buibui jipya, na kwa muda wa kama robo saa nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Bungoma nzima.

Kisha akaja mzee mmoja mwenye kofia ya pama, ambaye watu walimpisha. Wekesa aliniambia kwa kunong'ona kwamba ndiye mwenye karakana kubwa kuliko zote pale mjini. Mzee hakuangalia rangi. Alichuchumaa, akapitisha kiganja chini ya mdomo wa pua, mahali ambapo mafundi wavivu huacha makosa yao, akakirudisha polepole. Hakupata kitu. Akainuka akauliza nani alifanya hii kazi. Njoroge alimtazama Wekesa. Wekesa akasema, "Ni mimi, mzee."

Mzee akataka kujua ni bati au ni nini. Wekesa akamweleza kiunzi, kitambaa, resini, faiba kwa ndani. Akamwonyesha kwa mikono jinsi ya kuvuta, kutoka katikati kwenda pembeni, na mikono ile ilikuwa yangu. Alikuwa ameiga mpaka namna ninavyokunja kidole kidogo. Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akaniona, akauliza huyu je. "Huyu ni wa viti," akasema Wekesa, bila kunitazama.

Nilisema. Nataka ijulikane kwamba nilisema, kwa sababu hadithi za namna hii husimuliwa kana kwamba mwanamke alinyamaza. Nilisema, "Mzee, hiyo pua nimeitengeneza mimi. Na skati, na spoila. Niulize chochote." Mzee alinitazama kwa upole, upole wa kumtazamia mtoto anayesema ameona simba, akamgeukia mwenye gari. Na Njoroge, aliyepiga magoti mbele ya pua ile akaishika kwa mikono miwili, alicheka, akasema, "Rukia anapenda utani." Mzee akacheka pia. Watu waliosimama karibu wakacheka. Akamshika Wekesa bega wakaanza kutembea pamoja, wakizungumza habari za kazi.

Ndani ya mkoba wangu nilikuwa na wembe wa kufumulia. Nilifungua mlango wa dereva, nikaingia, nikaanza na mshono wa juu wa kiti. Sikupasua. Ningetaka kupasua ningemaliza kwa dakika mbili. Nilifumua uzi mmoja mmoja, nyuzi mbili za machungwa kila mstari, kama ninavyofumua kazi ya mteja aliyebadili mawazo, na watu wakaanza kutoka mbele ya gari wakija mlangoni kuona. Njoroge alikuja akaniomba kwa sauti ya chini niache, akasema tutaongea nyumbani, akaniita dada. Aliona aibu kupaza sauti, na aliona aibu zaidi kunigusa. Nilimwambia, "Wewe mwenyewe umesema mimi ni wa viti. Basi nachukua viti." Hakuwa amesema yeye, alisema Wekesa, lakini wakati huo kwangu walikuwa na mdomo mmoja. Ilinichukua karibu saa nzima. Nilipomaliza, ndani ya gari lile la bluu palikuwa na sponji ya manjano yenye madoa ya mafuta na fremu za chuma zenye kutu, na ngozi yote ilikuwa imekunjwa vizuri ndani ya mkoba wangu. Nilishuka, nikafunga mlango taratibu, nikaenda kutafuta gari la kunirudisha Kitale. Wekesa sikumwona. Alikuwa bado na mzee.

Njia nzima nilikuwa najisikia mshindi. Nilijirudia yale maneno niliyomwambia Njoroge, nikiyapenda zaidi kila mara. Ilikuwa baada ya kufika, nikiwa nimekaa kitandani na mkoba mapajani, ndipo nilipoona nilichofanya. Mbele ya watu wote wale nilikuwa nimekaa saa nzima nikithibitisha alichosema Wekesa. Kama kulikuwa na mtu pale mwenye shaka, mtu mmoja tu aliyejiuliza kama yule msichana anasema kweli, aliniona nikienda moja kwa moja kwenye viti, nikivifumua kwa ustadi, na shaka yake ikaisha. Niliyachukua yale waliyokuwa wamekubali ni yangu, nikawaachia yale waliyoniibia. Nilikuwa na hasira, na hasira ilinituma kwenye mlango usio wake. Pua ilikuwa pale mbele. Nyundo ilikuwa kwenye buti.

Gari lilipewa nafasi ya kwanza kwa uzuri wa bodi. Niliambiwa Njoroge alirudi Endebess amekalia gunia. Alikuja kibandani siku chache baadaye, akasimama nje, akamwomba Mjomba amshonee viti vipya, na Mjomba akamwambia kazi ni nyingi. Ndilo neno pekee nililomsikia Mjomba akilisema kuhusu jambo lile, ingawa msikitini najua aliambiwa mengi, kwamba mpwa wake alionekana Bungoma akigombana na wanaume uwanjani. Wekesa alichukuliwa na mzee wa karakana. Mavuno yakaingia, ghala likajaa, na Njoroge akaliuza gari kwa mtu wa Kisumu kabla ya mwaka kwisha. Sikuliona tena. Nasikia hasira ya mtu hupoa. Yangu mimi huwa naiona asubuhi, ninapopita kwenye maegesho ya Kitale nikaona bampa la faiba kwenye gari la mtu, na bila kutaka ninainama kuangalia kona.

Lakini hilo la Bungoma silo linaloniuma zaidi. Linaloniuma ni lililofuata.

Ilikuwa ndani ya Ramadhani, mwezi huohuo wa mavuno, baada ya swala ya adhuhuri. Wekesa alifika na bodaboda kutoka stendi, baiskeli za wakati ule, na nyuma ya kiti kilikuwa kimefungwa kwa kamba ya mpira kitu kirefu kilichofunikwa gunia. Mjomba alikuwa nje kwenye benchi na wazee wawili, wanangoja alasiri. Wekesa aliwaamkua kwa heshima, akaniomba niongee naye ndani. Nilimwacha aingie kwa sababu nilidhani amekuja kuomba msamaha. Nilikuwa nimeyapanga hata nitakayomjibu. Akaondoa gunia. Chini yake palikuwa na kiunzi cha waya, cha bampa la pikapu, na juu yake kitambaa kilichovutwa vibaya, kimejikunja kwenye kona zote mbili, mikunjo minene kama mashavu ya mzee. Alisema hii ni ya nne. Alisema mzee amempa mpaka Ijumaa. Alisema, "Lukia, kona zinanishinda. Sijui ninakosea wapi."

Alikuwa amekosea pale ambapo kila mtu hukosea. Alianza pembeni. Alikuwa ameona mikono yangu miezi miwili, akaiiga mbele ya mzee mpaka kidole kidogo, na hakuwa ameelewa. Nilikaa nikaitazama ile mikunjo. Nilipaswa kumwambia achukue takataka zake aondoke. Nilijua hivyo wakati ule, sikuhitaji miaka kunifundisha. Lakini kitambaa kilichokaa vibaya kinanisumbua kama meno yanavyomsumbua mtu, na kabla sijaamua lolote nilikuwa nimeshaanza kung'oa misumari. Nilivua kitambaa chote. Nilikinyoosha juu ya meza, nikakigeuza ili kivutike upande ulio mrefu, nikamwonyesha upande huo unajulikanaje. Nikaanza katikati. Nilimwambia ashike hapa, aachie hapa, asivute kwa nguvu bali avute kwa subira, kona aziache ziwe za mwisho kabisa, azikate pembe kwa ndani ndipo azilaze. Alifuata. Mikono yake ilikuwa hodari, ilihitaji tu kuambiwa. Tulichanganya resini aliyokuja nayo, nikapaka mkono wa kwanza mimi, kona zikalala laini kabisa, na nilijua nikimtazama usoni kwamba hatahitaji kuja tena.

Tulingoja ishike. Mimi nilikuwa na saumu, mdomo mkavu, na mvuke wa resini ulikuwa umejaa kibanda. Nilimwambia, "Sema nani alitengeneza ile pua."

Akasema, "Si unajua."

"Nataka useme wewe."

Aliutazama mlango, kisha akanitazama mimi, kwa mara ya kwanza tangu ule uwanja. "Ni wewe, Lukia," akasema. Alilisema vizuri, bila kunung'unika, hata macho yake yalilowa kidogo. Nikamwambia asante. Mimi ndiye niliyesema asante.

Tulilibeba bampa nje pamoja na kulifunga kwenye baiskeli, gunia juu yake lisipate vumbi. Kisha nilirudi mlangoni. Wazee walikuwa palepale kwenye benchi, na Mjomba Twalib, ambaye aliwajua watu wote na kumtakia kila mtu heri, alimuuliza kijana kama amefanikiwa kuitatua shida yake.

"Ndio, mzee," Wekesa akasema, huku akipanda. "Ilikuwa imenisumbua, lakini nimemaliza kuilekebisha."

Mjomba akamwambia Mungu amzidishie. Baiskeli ikashika barabara. Mimi nilikuwa hatua mbili nyuma yao, na resini ilikuwa bado inanata kwenye vidole vyangu.